Kache moja ya paketi kwa venv zote

Swali: Nina miradi minne ya Python kwenye laptopu ya Ubuntu, kila mmoja na venv yake (folda ya mazingira ya Python ya mradi huo pekee). Yote inatumia pandas na PyTorch. Bando linakatika na diski imejaa. Je, zinaweza kuchangia paketi zilezile?

Jibu: Una shida mbili hapo, na kila moja ina dawa yake.

Kuhusu bando, pip (programu ya kusakinisha paketi) tayari ina kache, yaani ghala la faili zilizokwisha pakuliwa, ~/.cache/pip, na venv zako zote huitumia bila kuambiwa. Weka pandas kwenye venv ya pili uangalie terminali: ukiona "Using cached", faili hilo halikupakuliwa upya. Usipoona, huenda unaendesha pip kwa sudo, au amri uliyonakili ina --no-cache-dir (inayozima kache), au venv zina matoleo tofauti ya Python. Hili la mwisho huwasumbua wengi. Faili la numpy (paketi ambayo pandas huitegemea) lenye cp311 kwenye jina ni la Python 3.11, venv ya 3.12 hailitaki, hivyo pip inapakua jingine. Kama hakuna kinachokuzuia, tumia toleo moja kwa miradi yote.

Kwenye diski, kache ya pip haikuokoi, kwa sababu kila venv hupata nakala yake kamili. PyTorch ya kawaida ya Linux pamoja na paketi zake za CUDA (za kutumia kadi za NVIDIA) hupita gigabaiti 2, na wewe unazo nne! Ndiyo maana nakushauri uhamie uv, programu nyingine ya kusakinisha paketi badala ya pip. Yenyewe hufungua paketi mara moja ndani ya ~/.cache/uv, kisha kila venv hupewa hadilinki, yaani jina jingine la faili lilelile. Futa venv za zamani, uziunde upya kwa uv venv, halafu uv pip install.

Kache na miradi lazima viwe kwenye patisheni moja, la sivyo uv itanakili tu. Miradi ikiwa kwenye diski ya nje, elekeza UV_CACHE_DIR (mpangilio unaoiambia uv kache iwe wapi) hukohuko. Ukipima ukubwa, ipe du -sh folda zote kwa amri moja; ukipima moja moja, kila venv itaonekana nzito kama zamani. Na usihariri chochote ndani ya site-packages, folda ya paketi ndani ya venv: ukigusa faili la venv moja, huenda umegusa la zote.

Tafadhali usizielekeze venv zote kwenye site-packages moja kwa PYTHONPATH (mpangilio unaoiambia Python itafute paketi wapi). Siku mradi mmoja ukidai numpy 1 na mwingine numpy 2, mmoja utakufa.

Mwisho, kama laptopu haina kadi ya NVIDIA, huihitaji CUDA kabisa. Weka torch (jina la PyTorch wakati wa kusakinisha) kwa --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu, na sehemu kubwa ya mzigo wako itaondoka hapohapo.