Kwa nini Bogle alikufa kwa Wrath lakini si kwa Bolt

Hapana ndugu, hujachezewa rafu. Unasema kwenye Magic: The Gathering (mchezo wa karata za uchawi na viumbe), Lightning Bolt yako, karata ya kupiga madhara, ilikataliwa kwa kiumbe Slippery Bogle, halafu mchezaji wa tatu akashusha Wrath of God na Bogle huyohuyo akafa.

Soma karata yenyewe. Bolt ina neno "target": unapoicheza lazima utaje unayemlenga, na Bogle ana hexproof, yaani wapinzani hawaruhusiwi kumlenga. Wrath haina neno hilo. Haichagui mtu, inafagia viumbe wote mezani.

Kinachowachanganya wengi (mimi nilichelewa sana kukielewa) ni kwamba shabaha hukaguliwa mara mbili: unapoucheza uchawi, na unapoanza kufanya kazi. Chukua karata ya Electrolyze: unagawa madhara 2 kwa shabaha moja au mbili, kisha unavuta karata. Ukilenga kiumbe mmoja tu na mwenye kiumbe huyo akamtoa kafara (akamwondoa mezani mwenyewe) kabla uchawi haujafanya kazi, uchawi wote umekufa. Hata karata huvuti. Ukigawa 1 kwa 1, shabaha iliyobaki inakula 1 yake na karata unapata. Ndiyo maana nikimwona mtu ana njia ya kutoa kafara, 1 namtupia mchezaji huyo mwenyewe, si kiumbe wake.