Buibui kwenye sahani ya dawa

Jumamosi nilipita kwenye banda la kuku la kijana mmoja hapa Mwanza. Mlangoni kaweka sahani ya dawa ya kukanyaga kabla ya kuingia, safi kabisa, kwa sababu haina dawa: buibui kajenga ndani. Nyuma ya banda bata watatu wanajiogea kwenye beseni la maji ya kuku. Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama. Nilikuwa hivyo hivyo.

Haya, wadogo zangu, ili ugonjwa usiingie bandani:

1. Bata na kuku mbalimbali. Bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege huku anatembea kwa maringo. Na tulioko ziwani tusijidanganye: Januari 2017 ndege wa porini walikufa Lutembe, upande wa Uganda, vipimo vikasema H5N8, aina mojawapo ya mafua hayo. Ndege hapiti mpakani Mutukula kugonga muhuri.

2. Kiatu kipigwe brashi kwanza, ndipo kikanyage dawa. Dawa iliyojaa kinyesi ni uji tu.

3. Matenga ya mnunuzi yaishie getini. Hapa mniache niseme.

Nilikuwa na kuku wa mayai 400, wiki ya 30, trei 11 kwa siku, kichwa kimevimba. Banda la pili walikuwa kuku wazee wa kuuza. Mnunuzi akaja na matenga ya sokoni, mvua inapiga, nikamhurumia: ingia tu, kamata mwenyewe. Akaingia na kandambili zake mabanda yote mawili. Chai nikampa.

Siku ya sita trei zikawa saba, kisha nne. Kinyesi kijani, shingo zinapinda. Nikasema ni baridi hiyo, nikawamwagia antibayotiki, kana kwamba virusi vinaijali. Walioonekana wazima nikawauza chapchap kwa bei ya kutupa. Mizoga nikaibeba usiku kwa mikono mitupu, nikaitupa korongoni. Mbwa wakaitawanya mtaa mzima. Mama jirani alikuwa na kuku wa kienyeji kumi na wanne. Alibaki na jogoo mmoja. Huyo mama akaja kunipa pole mimi, na sahani ya viazi vitamu mkononi. Nikavila. Mpaka leo sijamwambia.

Wa mwisho walipopimwa, ukawa mdondo, yaani Newcastle. Bahati tu. Mdondo na mafua makali ya ndege huwezi kuvitenganisha kwa macho, ni maabara, na mafua hayo yana aina zinazoua hata binadamu.

4. Vifo vikiongezeka ghafla, mpigie afisa mifugo kabla ya mnunuzi. Usipasue mzoga, usiuze, usihamishe hata yai.

5. Trei ya karatasi ikishatoka haina kurudi. Unaokoa shilingi ngapi hapo?

Jana nilimpigia yule kijana. Buibui kahamishwa, dawa ipo. Na bata? "Shikamoo mkubwa," akaanza upya, "bata ni wa mama mkwe."