Karatasi Isiyokunywa Maji: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Rangi ya Maji na Karatasi ya Plastiki

Wasomaji kadhaa wametuuliza kuhusu kupaka rangi ya maji kwenye karatasi ya sintetiki, hasa Yupo ya Japani, ambayo wachoraji huinunua kwa uzito wa gramu 200 au 390 kwa mita ya mraba. Tumechagua maswali yanayogusa matatizo ya wengi.

Rangi yangu haitulii. Inajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la magimbi, na sehemu nyingine inakataa kabisa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Anza na mafuta ya vidole. Karatasi hii ni polipropilini, plastiki ya jamii ileile ya vyombo vya kuhifadhia chakula, iliyochanganywa na unga wa kalsiamu kaboneti na kuvutwa hadi ikajaa vitundu vidogo mno ndani yake. Ndivyo vinavyoipa weupe. Haina nyuzi za kunyonya, kwa hiyo chochote kilichoko juu yake rangi itakutana nacho. Alama moja ya kidole gumba inatosha kuacha doa tupu katikati ya anga lako. Pangusa karatasi yote kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ile ya duka la dawa, acha dakika mbili ikauke, kisha ishike kwenye kingo tu. Unapochora, laza kipande cha karatasi ya kawaida chini ya kiganja.

Tatizo likiendelea, basi rangi ni nyepesi mno. Kwenye karatasi ya pamba, ile ya kawaida ya rangi ya maji, umezoea sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 6 au 8 za maji. Hapa anza na 1 kwa 2, uzito wa uji mwepesi. Unaweza pia kutia tone 1 la sabuni ya kuoshea vyombo katika mililita 100 za maji ya kuchanganyia. Tone hilo hulegeza mvutano wa uso wa maji, na rangi ikatambaa badala ya kujikunyata. Usizidishe: povu likiingia, kila kipovu kinachopasuka huacha duara lisilofichika. Nyongo ya ng'ombe iliyosafishwa, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa, hufanya kazi hiyohiyo bila povu.

Neno moja kuhusu penseli: usitumie ngumu. H na 2H huchimba mifereji midogo ambayo rangi itaikimbilia na kuonyesha mistari yote. Tumia penseli laini kwa mkono mwepesi, au penseli ya rangi ya maji itakayoyeyuka ndani ya picha.

Nikipaka tabaka la pili, la kwanza linayeyuka na kuwa tope. Nifanyeje ili nipate kina cha rangi? (Msomaji, Kisumu)

Hili ndilo swali linalowakatisha tamaa wengi, na jibu lake linataka ubadilishe mpango mzima wa picha.

Rangi ya maji hushikiliwa na gundi ya mgunga, utomvu ambao kwa sehemu kubwa huvunwa Sudan. Gundi hiyo huyeyuka tena kila inapoguswa na maji, hata baada ya miaka. Kwenye karatasi ya pamba hulioni sana jambo hili kwa sababu sehemu ya rangi imekwama kati ya nyuzi. Kwenye plastiki yote imelala juu, na brashi ya pili huikuta ikiwa tayari kuondoka. Basi usijenge picha kwa kupandisha tabaka. Weka rangi nzito na zenye giza tangu mwanzo, kisha tafuta mwanga kwa kuondoa.

Kina cha rangi kipate wakati rangi bado mbichi. Paka eneo la kwanza, subiri mng'ao wa maji uanze kufifia, kisha dondoshea rangi ya pili iliyo nzito kuliko ya kwanza. Ikiwa nyepesi zaidi, maji yake yataisukuma ile ya kwanza pembeni na kuacha ukingo wenye meno kama wa koliflawa. Baada ya hapo inamisha ubao kidogo, rangi zichanganyike zenyewe. Brashi ikizidi kuingilia, tope linarudi.

Ukilazimika kupita juu ya rangi iliyokauka, chukua brashi pana yenye manyoya laini, ishibishe rangi, pitisha mara moja tu, na usirudi hata ukiona kasoro. Wapo wanaonyunyizia vanishi ya akriliki katikati ya tabaka. Inafanya kazi, lakini ujue kwamba kila kilicho chini ya vanishi hakitabanduka tena, na kubandua, yaani kuifuta rangi iliyokauka hadi weupe urudi, ndiko kunakoipa karatasi hii thamani yake.

Nataka tanga jeupe la mashua katikati ya bahari ya buluu. Nikifuta, unabaki weupe mchafu wa kijani. (Msomaji, Lamu)

Tazama namba kwenye tyubu. Ikiwa buluu yako ni PB15 au kijani chako ni PG7, hizo ni rangi za thalo, zenye chembe ndogo mno na nguvu kubwa ya kutia doa. Hata kwenye plastiki huacha kivuli. Kwinakridoni nyekundu, PV19 na PR122, nazo ni hivyohivyo. Kwa bahari utakayoibandua tumia buluu ya ultramarini, PB29. Rangi za udongo zenye namba PBr7 pia hutoka vizuri. Thalo iweke mahali ambapo hutagusa tena.

Namna ya kulitoa tanga: acha bahari ikauke kabisa. Kata umbo la tanga kwenye kipande cha plastiki ngumu, kama jalada la faili, ukibakiza tundu. Libane kwa mkono. Lowesha sponji ndogo, ikamue hadi isidondoshe hata tone, kisha donoa kutoka ukingo kuelekea katikati. Geuza upande safi wa sponji kila baada ya madono mawili matatu, la sivyo unarudisha rangi ileile. Maji yakizidi hupenya chini ya plastiki na ukingo unavimba. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kwa kamba na mlingoti tumia brashi bapa yenye unyevu kidogo, uvute mstari mmoja, uifute kwenye kitambaa, uvute mwingine. Kivuli cha buluu kilichokaidi hutoka kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, mara nyingi chote.

Chumvi haifanyi maua kama kwenye karatasi ya pamba. Kwa nini? (Msomaji, Unguja)

Kwa sababu maua yale yanahitaji karatasi inayonyonya. Punje ya chumvi huvuta maji kutoka kwenye eneo linaloizunguka, na chembe za rangi zikaganda kwenye nyuzi zilipofikia. Hapa punje inayeyuka ndani ya kidimbwi, kisha inakauka kuwa ukoko ambao, kwa hewa ya pwani, hunyonya unyevu na kufanya picha inate. Tumia spiriti: subiri mng'ao uanze kufifia, dondosha tone moja moja kwa kichupa cha kudondoshea dawa. Rangi itafunguka duara. Ukidondosha mapema mno duara hujifunga tena.

Nailoni nyembamba ya kufungia chakula huleta sura nzuri zaidi, kama miamba au maji yenye mikunjo. Ilaze juu ya rangi mbichi, ikunjekunje kwa vidole, na iache saa 12 hadi 24. Maji yana njia moja tu ya kutoka, nayo ni ya pembeni, kwa hiyo ukiinua mapema mistari yote itatiririka na kupotea.

Je, mabaki ya karatasi ya plastiki kutoka kwa wachapaji yanafaa? (Msomaji, Kampala)

Mengi yanafaa kwa mazoezi. Baadhi yamepakwa utando wa kushika wino wa mashine, na utando huo unaweza kunyonya rangi au kuikataa. Paka ultramarini kwenye kipande, ikauke, ifute kwa sponji yenye unyevu. Ikitoka safi, utaweza kubandua rangi kwenye karatasi hiyo.

Picha ina siku tatu na bado inanata. Nikitumia draya ya nywele rangi inakimbia. (Msomaji, Mombasa)

Angalia kama rangi yako imetengenezwa kwa asali, kama zilivyo Sennelier na M. Graham. Asali huvuta unyevu, na kwenye karatasi isiyonyonya unyevu huo hauna pa kwenda. Zipake nyembamba, au tumia nyingine msimu wa mvua. Vidimbwi vinyonye kwa ncha ya tishu mara tu unapomaliza, laza picha sawasawa, elekeza feni kwenye chumba na si kwenye picha. Draya iache: upepo wake husukuma rangi, na joto likizidi karatasi hujikunja bila kurudi.

Niihifadhije picha ili isifutike mteja akiigusa? (Msomaji, Arusha)

Vanishi ya akriliki ya kunyunyizia. Ya brashi itaburura rangi yote. Iache picha ikauke walau siku mbili, itoe nje kivulini siku isiyo na upepo wala mvua, vaa barakoa ya mvuke wa kemikali, shika kopo sentimita 30 kutoka kwenye picha. Anza kunyunyiza nje ya ukingo na umalizie nje ya ukingo upande wa pili. Mpito wa kwanza uwe ukungu tu. Ukilowesha, rangi itaelea. Subiri dakika 20, pitisha wa pili ukikata njia ya ule wa kwanza, na hivyo hadi mara nne. Hewa ikiwa na unyevu mwingi vanishi hufanya utando mweupe, basi ahirisha. Sprei ya nywele usiitumie: hubaki ikinata na hugeuka manjano.

Ukiitia fremu, weka paspatu, yaani ukingo wa kadibodi unaozunguka picha, yenye unene wa milimita 2 au zaidi kati ya picha na kioo. Rangi ikigusa kioo itagandia pale.