"Keep your temper" si "hifadhi hasira yako"

Ndugu yetu wa Likoni ameandika kwamba fomu ya tathmini kazini imemwambia "he must learn to keep his temper", naye auliza: yaani mkubwa wangu anitaka niihifadhi hasira? Msimcheke. Neno hilo hilo lilinitia aibu mimi mbele ya Mzungu.

Mwaka 2004 nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni, Nyali. Msimu wa wageni ulipokwisha tukapunguzwa, na meneja, Mwingereza, akaniandikia barua ya sifa. Ndani yake: "He has never lost his temper with a guest." Nikaifasiri ndani ya matatu: hajapata kupotewa na hasira yake kwa mgeni. Lo! Kumbe nina kinyongo! Mtu asiyeishiwa na hasira si ndiye mwenye kuweka mambo moyoni? Na miaka mitatu nimebeba sahani za watu nikitabasamu. Mori ukanipanda. Nikashuka Kongowea, nikarudi kwa miguu, nikaingia ofisini bila hodi. Meneja akanitazama ninavyotetemeka, akaniambia polepole kwamba nikiendelea hivyo itabidi aibadilishe barua kweli.

Aliyenifungua macho ni ami yangu, aliyekuwa akisomesha madrasa Kibokoni. Kiingereza alikijua cha kuombea maji, ila Kiarabu kilikuwa chake. Akaniuliza, "Mizaji ni nini?" Nikamjibu ni hali ya mtu, tabia yake. Akasema asili yake ni kuchanganya. Matabibu wa kale, tangu Wayunani akina Galen, walisema mwilini mna maji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakichanganyika kwa kiasi mtu ni mzima na mtulivu. Moja likizidi, kazi ipo. Ni hesabu ya jamaa moja na ile ya hari, baridi, rutuba (yaani unyevu) na yabisi (ukavu), ambayo bibi zetu wa Mji wa Kale hukwambia kwayo chakula hiki ni cha moto, kile ni cha baridi.

Baadaye nikafungua kamusi: "temper" latokana na Kilatini "temperare", kuchanganya kwa kiasi. Maneno mawili ya lugha mbili, wazo moja.

Kwa hiyo "temper" asili yake si hasira, ni ule mchanganyiko ukiwa sawasawa. Ukiupoteza, umehamaki. Ukiuweka, umejizuia. Hata wahunzi wanalo: chuma cha pua kikitoka motoni na kuchovywa majini huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, basi hupashwa tena moto wa kiasi ili kisivunjike ovyo. Huko nako ni "temper".

Sasa ndipo Kiingereza kinapotukoroga. Watu walisema "bad temper" hata ile "bad" ikawa haina haja tena, "temper" pekee ikatosha kuwa hasira. Ndiyo maana "he has a temper" ni mwepesi wa hasira, na "he is in a temper" ni kwamba amekasirika sasa hivi. Lakini "keep" na "lose" zimebaki na maana ya kale. Kuwa nayo lawama, kuipoteza lawama!

Kwa Kiswahili mimi hutumia hamaki. Ghadhabu ni nzito mno, na kisirani ni kingine kabisa: mtu wa kisirani huamka nacho, hajachokozwa na mtu. "Short-tempered" ni mwepesi wa kuhamaki, wala haihusu kimo chake. "Even-tempered" ni sifa, ukiandikiwa shukuru.

Kwa hiyo fomu yako, ndugu, yasema ujifunze kutohamaki. Ingeandikwa "he has a temper" ningeingia wasiwasi zaidi, maana hapo wameshaihesabu kuwa ndiyo tabia yako. Ukienda kuuliza, bisha hodi. Barua yangu ninayo hadi leo, na meneja hakuibadilisha.