Umeachwa, hukutupwa

Mwanangu wa Langoni, pole sana. Umesema mumeo alikuacha baada ya miaka tisa, umerudi kwa mamako hapo Lamu, na tangu eda iishe hutoki nje kwa kujiona huna thamani. Wauliza furaha hurudi vipi.

Mimi niko Malindi, niliachwa nikiwa na watoto wawili. Sitakwambia usahau. Lia. Mimi nilijikaza miezi mingi, mwisho usingizi ukanitoka na chakula kikanishinda. Kilichonirudisha ni kofia. Jirani alinipa kitambaa cheupe na sindano nyembamba: unatoboa tundu, unalizungushia uzi mpaka lisimame, kisha la pili. Siku ya kwanza nilishona manne, yote yamepinda, nikayafumua. Kesho yake sita. Kofia ilipouzwa nilizishika zile pesa nikalia tena, ila si kilio kile cha mwanzo.

Kwa hivyo toka, hata alasiri tu, mpaka pwani upigwe na upepo. Watakaokutazama waache wakutazame.

Matumizi ya watoto wako usiyaache kwa kuona haya. Nenda mahakamani, ni haki yao.

Na hilo la kutamani usiamke, uliloliandika mwishoni, limenishtua. Mwambie mamako usiku huu huu, kesho akupeleke hospitali. Huo ni ugonjwa na una tiba, mwanangu, si upungufu wa imani. Ukirudi niandikie, nitakueleza uzi wa kununua.