Jibu: Toyota IST inapiga stata vizuri ila haiwaki
Mkuu pole sana, ila usikubali kununua betri mpya kama fundi wako alivyokwambia, maana umesema stata inazungusha injini kwa nguvu kabisa, kwa hiyo hapo tafuta vitu viwili tu, mafuta au moto wa plagi. Mtu akae kwenye usukani apige stata, wewe tega sikio siti ya nyuma juu ya tenki usikie mlio wa pampu ya mafuta, ukisikia kimya kabisa anza na fyuzi na relei ya pampu kabla hujaenda kununua pampu. Kama pampu inalia, chomoa plagi uziangalie. Kavu na hazinuki petroli, basi mafuta hayafiki. Zikiwa zimelowa, mafuta yapo ila moto hakuna. Halafu umesema ilizima barabarani ikiwa imechemka, ikapoa ikawaka, sasa imegoma moja kwa moja, hiyo mimi naishuku sana sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa shafti ya injini. Kapime kwa mashine ya kusoma hitilafu, ikitoa kodi P0335, yaani hitilafu ya saketi ya sensa hiyo, cheki waya na soketi yake kwanza, ndipo ununue sensa. Na tafadhali usipige stata mfululizo, sekunde kumi inatosha, ipumzishe, utaiunguza bure.