Anasema Mungu amemchoka

SWALI: Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Mwezi mzima sasa chakula hakimpandi, usiku halali, madrasa ameacha. Juzi kaniambia, "Mama, dua zangu hazipokelewi, Mungu amenichoka." Shangazi zake wanasema ana jini, wanataka kisomo na kombe. Mwalimu wake anasema ni sonona. Nimsikilize nani?
Mama, Newala

JIBU: Mama, kisomo hatukukatazi, ila hospitali isingoje kisomo kiishe. Dalili hizo zikipita wiki mbili, kijana anahitaji kupimwa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa, si upungufu wa imani.

Lishike hilo neno lake, "Mungu amenichoka". Dini humtegemeza kijana anapoona Mungu yuko naye na ana wenzake wa kuswali nao. Ikigeuka kuwa hesabu ya laana na adhabu, humwongezea mzigo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Pargament, na wenzake waliandaa dodoso la vipengele 14: 7 vya imani inayomtegemeza mtu, 7 vya imani inayomuumiza. Kujiona umeachwa na Mungu kumo katika hivi 7 vya pili, ambavyo huandamana na sonona.

Ndiyo maana, ukihofu kwamba anawaza kujiua, tunakusihi usianze na "kujiua ni dhambi". Analijua hilo tangu madrasa. Ukimrudishia, atafunga mdomo abaki na wazo lake. Kaa naye faragha umuulize wazi: "Mwanangu, umewahi kutamani kufa? Umefikiria kujidhuru?" Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na siku hiyo hiyo mfike hospitali.

Dawa ya kupulizia mikorosho iliyobaki msimu uliopita, ile ya uvunguni, itoke nyumbani leo, apewe mtu mwenye stoo ya kufuli. Vidonge navyo vifungiwe. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na likimkuta hana kitu cha hatari karibu, huvuka salama.

Hospitali ya wilaya mweleze daktari maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Ikibidi, omba rufaa ya Ligula, hospitali ya mkoa iliyoko Mtwara. Akiandikiwa dawa za sonona, nafuu huchukua wiki kadhaa. Wengi huziacha mapema wakidhani hazifanyi kazi, na hapo hali hurudi nyuma. Wiki za mwanzo mwangalie kwa karibu. Akizidi kuhangaika, mrudishe. Ramadhani ikiingia, daktari apange upya saa za kumeza.

Shehe naye aelezwe kabla hajaanza kusoma: asimpige, asimfunge, asimwachishe dawa. Mwombe amsomee Surat An-Nisaa aya ya 29 mpaka mwisho. Watu wengi huishia kwenye "wala msijiue", ilhali aya inamalizia kwa kusema Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwarehemu.

Kwa kuwa hajafika miaka 18, anaweza pia kupiga mwenyewe 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure. Mwandikie namba hiyo kwenye daftari lake.